Maisha ya Carl Seyfert, Mtu wa Galaksi Zenye Kiini Kinachowaka



Mara nyingi katika kurasa hizi tumesoma maisha ya wafalme, wamisionari na wapiganaji. Safari hii sisi wa mwaka wa sita tumemchagua mtu ambaye hakuua simba wala hakuvuka mto wowote wenye mamba. Jina lake limeandikwa katika mabuku ya elimu ya nyota dunia nzima, hata kwa lugha ya Kichina na ya Kirusi, na bado ukiuliza kalasi moja kwa nyingine hapa kwetu, nani alikuwa Seyfert, watu wanatazama juu kwenye mabati. Basi tusimuache tu hivi.

Carl Keenan Seyfert alizaliwa tarehe 11 Februari 1911 katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, Marekani. Mwaka wa 1929 aliingia chuo kikuu cha Harvard. Alikuwa amekusudia kusoma udaktari. Hapo wengi kati yetu watacheka, sababu huku Nundu, penye hospitali na shule ya waganga, kijana akipata alama nzuri katika fizike na kemia wazazi wanamwambia mara moja: udaktari. Hakuna njia nyingine wanayoiona. Seyfert naye alikuwa katika njia ile ile, mpaka alipokwenda kusikiliza masomo ya mwalimu mmoja kijana, Bart Bok, aliyezaliwa Uholanzi na aliyefundisha habari za nyota. Bok alikuwa na ufundi wa kueleza mambo. Seyfert akageuza njia, akaacha udaktari, akaandikwa katika elimu ya nyota.

Tukumbuke ulikuwa mwaka gani. Mwisho wa 1929 ndipo biashara ya Marekani ilianguka, na miaka iliyofuata watu kwa mamilioni walikosa kazi. Kuacha udaktari wakati kama huo na kwenda kuhesabu nyota, kwa akili ya mzazi, ni kama kutupa mchele ziwani. Sisi tuliojadili jambo hili jioni moja hatukupatana. Wamoja walisema alifanya vema, wengine walisema kama angekuwa mtoto wa huku angepigwa fimbo. Lakini alimaliza. Alipata digrii ya kwanza, kisha ya pili mwaka wa 1933, na udaktari wa elimu mwaka wa 1936, chini ya Harlow Shapley, yule aliyeonyesha kwamba Jua letu haliko katikati ya galaksi yetu bali liko mbali pembeni. Kitabu cha Seyfert cha kumaliza masomo kilikuwa juu ya rangi na mwanga wa galaksi za nje.

Katika mwaka wa 1935 alioa. Mke wake, Muriel Mussells, alikuwa pia mtu wa nyota, akifanya kazi palepale Harvard ya kuchunguza picha za mbingu zilizopigwa juu ya vioo. Mwaka wa 1936 yeye mwenyewe aligundua nebula tatu zenye umbo la pete ndani ya galaksi yetu. Tunaliandika jambo hili kwa makusudi, kusudi dada zetu wa kalasi ya sayansi, ambao ni wachache sana, wasifikiri kwamba nyumba ya Seyfert ilikuwa na mtaalamu mmoja tu. Walizaa mtoto wa kike na mtoto wa kiume.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa Texas, katika kituo kipya cha McDonald kilichokuwa kinajengwa juu ya mlima. Alikaa huko toka 1936 hadi 1940, akasaidia kukianzisha. Darubini yake kubwa, yenye kioo cha upana wa mita 2 na zaidi kidogo, ilizinduliwa mwaka wa 1939. Hayo tunayapita haraka, maana neno lenyewe liko mbele.

Mwaka wa 1940 alipata msaada wa masomo wa kwenda mlima Wilson, huko California. Wakati ule mlima Wilson ulikuwa ndio mahali pa kwanza duniani kwa kutazama galaksi. Darubini yake yenye kioo cha mita 2.5 ilikuwa kubwa kuliko zote zilizokuwa zikifanya kazi, na ndiyo ile ambayo Edwin Hubble aliitumia kuonyesha kwamba yale mawingu madogo ya mwanga yenye umbo la mzunguko si mawingu ya karibu, bali ni miji ya nyota kama yetu, mbali kabisa. Kila galaksi ina nyota mabilioni kwa mabilioni. Zile za mzunguko zina mikono iliyojipinda, kama maji yanapozunguka mahali mto unapoingia ziwani wakati wa mvua kubwa.

Sasa tueleze kitu alichokitafuta. Tunaomba musomaji awe na uvumilivu kidogo, sababu bila kufahamu hapa maisha yake yote yanakuwa hadithi ya mtu aliyekaa usiku kwenye baridi.

Ukipitisha mwanga wa Jua katika kipande cha kioo cha pembe tatu unapata rangi za upinde wa mvua, na kati ya rangi hizo kuna mistari myeusi myembamba. Mwanga wa galaksi ya kawaida uko vilevile, maana ni mwanga wa nyota nyingi zilizochanganyika. Lakini gesi yenye moto haifanyi hivyo. Gesi inatoa mistari inayong'aa, kila gesi na mistari yake, hidrojeni yake, oksijeni yake. Kwa hiyo mtu akiona mistari inayong'aa anajua: hapa kuna gesi iliyochokozwa na nguvu fulani.

Jambo la pili ni upana wa mistari hiyo. Munajua vile pikipiki inavyolia barabarani. Inapokuja kwako sauti yake ni nyembamba, ikishakupita sauti inakuwa nzito. Mwanga nao una tabia hiyo. Gesi ikija upande wetu mstari wake unasogea kidogo kwenye rangi ya bluu, ikienda mbali unasogea kwenye nyekundu. Kama gesi ni nyingi, nyingine inakuja na nyingine inakwenda kwa mbio, basi mstari mmoja unavutwa pande mbili, unakuwa mpana. Ukipima upana unapata mbio.

Hapo ndipo Seyfert alipoweka jicho. Alichagua galaksi za mzunguko chache ambazo katikati yake palikuwa padogo kama nukta ya nyota na pang'avu kupita kiasi. Hakuwa wa kwanza kuona mistari yao. Edward Fath alikuwa ameona mistari inayong'aa katika galaksi moja hiyo mwaka wa 1908, kule kituo cha Lick, na Vesto Slipher aliifuata baada yake, na Hubble alizitaja tatu mwaka wa 1926. Lakini kila mmoja aliona, akaandika, akapita, kama mtu anayeona moshi juu ya mlima na kuendelea na safari. Seyfert ndiye aliyeketi akazipima moja baada ya nyingine, akaziweka pamoja kuwa jamii moja.

Sita alizozichunguza kwa urefu zina majina ya namba tu: NGC 1068, NGC 1275, NGC 3516, NGC 4051, NGC 4151 na NGC 7469. Akakuta ya kwamba mwanga wa kiini chake unatoa mistari ya gesi yenye nguvu, na mistari hiyo ni mipana ajabu. Katika baadhi yake, toka gesi inayokuja hadi gesi inayokwenda, tofauti ilifika kilomita 8,500 kwa sekunde moja. Tulijaribu kupata mfano. Ziwa letu Tanganyika toka kaskazini mpaka kusini lina urefu wa kilomita 670 hivi. Chukua hata nusu tu ya mbio ile: inapita ziwa lote, toka Uvira hadi Mpulungu, mara sita kwa sekunde moja. Na hii si risasi moja, ni gesi yenye uzito wa nyota nyingi sana. Nani anaisukuma?

Seyfert hakutoa jibu la hila. Alitoa vipimo. Makala yake yalitoka mwaka wa 1943 katika jarida kubwa la Wamarekani la fizike ya nyota, na kichwa chake kilikuwa juu ya mwanga wa kiini cha nebula za mzunguko. Yalikuwa makala mafupi, zaidi ni namba na picha za mistari.

Kisha, kimya. Mwaka wa 1943 dunia ilikuwa na mambo mengine. Hata Seyfert mwenyewe alikuwa ameshashuka mlimani. Katika 1942 alirudi kwao Cleveland, akawa mwalimu katika chuo cha Case, akifundisha askari namna ya kuongoza meli na ndege kwa nyota, na akishiriki katika kazi za siri za jeshi. Usiku alipopata nafasi aliendelea na uchunguzi. Pamoja na mwenzake Nassau walipata picha nzuri za kwanza za rangi za nebula. Lakini galaksi zake sita zilibaki kwenye karatasi, na watu hawakuzisoma. Ikapita miaka kumi na zaidi.

Vita ilipokwisha, mwaka wa 1946, alifanya uchaguzi wa pili unaotushangaza. Mtu aliyekwisha kutumia darubini kubwa kuliko zote alikubali kazi katika chuo kikuu cha Vanderbilt, mjini Nashville, Tennessee. Huko kulikuwa na nini? Kulikuwa na idara ndogo ya nyota, na darubini ya lenzi yenye upana wa sentimita 15 hivi, sawa na sahani ndogo ya mezani. Hiyo tu. Kwa mwanga hafifu wa galaksi, chombo hicho hakifai kitu.

Seyfert akaanza kuomba. Alikwenda kwa wenye biashara wa mji, akatoa hotuba, akaeleza watu wa kawaida habari za mbingu, akapata msaada mkubwa kwa wananchi wa Nashville. Mtu mmoja, Arthur Dyer, alilipia paba la chuma linalozunguka, lenye upana wa mita 7. Mwisho wa mwaka wa 1953 kituo kipya kilifunguliwa juu ya kilima kimoja nje ya mji, na darubini yenye kioo cha sentimita 61. Kiliitwa kituo cha Dyer, na Seyfert akawa mkuu wake mpaka kufa. Wale wanaojua jinsi jengo linavyojengwa huku kwetu, mmoja analeta mchanga, mwingine mawe, mwingine mabati manne, wataona kwamba njia ni moja, tofauti ni ukubwa wa mfuko.

Huko hakukaa bure. Mwaka wa 1951 alikuwa ameandika habari za kundi dogo la galaksi zilizosongamana kama watu katika gari la mizigo, nalo linaitwa Sita za Seyfert hadi leo. Nyuma yake ilikuja kuonekana kwamba za kundi lenyewe ni nne tu. Ya tano iko mbali sana nyuma, imeonekana tu katika mstari mmoja nazo, na ya sita ni mkia wa nyota uliochomolewa toka kwa moja yao. Alipenda pia vyombo. Alikuwa kati ya walioingiza katika elimu ya nyota taa za kupima mwanga kwa umeme, na njia za televisheni, na kuongoza darubini kwa umeme badala ya mkono.

Hapa lazima tuseme neno moja ambalo mabuku ya sifa hayalisemi. Miaka ile mtoto kama sisi asingeweza kukaa katika kalasi ya Seyfert. Vanderbilt kilikuwa chuo cha weupe. Mwanafunzi mweusi wa kwanza aliingia mwaka wa 1953, mwaka uleule wa darubini, naye aliingia katika shule ya theolojia. Wanafunzi weusi wa digrii ya kwanza hawakukubaliwa mpaka 1964. Tena katika Februari 1960 vijana weusi wa vyuo vya Nashville walianza kuketi katika meza za mikahawa walimokatazwa kula. Walipigwa, wakafungwa, na mwalimu wao mmoja, James Lawson, aliyekuwa mwanafunzi wa theolojia palepale Vanderbilt, alifukuzwa chuoni mwezi wa Machi. Tarehe 10 Mei mikahawa kadhaa ilifungua milango. Hayo yote yalitokea katika mji wa Seyfert, katika miezi yake ya mwisho duniani. Hatuandiki haya kumhukumu yeye. Tunayaandika sababu mwanafunzi anayesoma maisha ya mtu anataka kujua pia nani alikuwa ndani ya nyumba na nani alikuwa amesimama nje ya mlango.

Turudi kwenye galaksi. Mwaka wa 1955 watu wa mawimbi ya redio, ambao kwa vita walikuwa wamejifunza kutengeneza antena nzuri, walikuta kwamba mbili kati ya galaksi sita, yaani NGC 1068 na NGC 1275, zinatoa mawimbi ya redio. Ghafla ile karatasi ya 1943 ikatafutwa makabatini. Mwaka wa 1959 Mholanzi Lodewijk Woltjer alihesabu akaonyesha kwamba kiini cha galaksi hizi lazima kiwe kidogo sana kwa kipimo cha mbingu, na kizito mno, la sivyo gesi yenye mbio zile ingekimbia yote ikaisha. Mlango ulikuwa umeanza kufunguka.

Tarehe 13 Juni 1960 Carl Seyfert alikufa katika ajali ya motokari mjini Nashville. Alikuwa na miaka 49.

Miaka mitatu. Mwaka wa 1963 Maarten Schmidt, huko California, alipima kitu kilichoonekana kama nyota ya kawaida, 3C 273, akakuta kiko mbali zaidi ya miaka ya nuru bilioni mbili na kinawaka kupita galaksi nzima. Dunia ya wataalamu ikapata homa. Na kila aliyejaribu kueleza vitu hivyo alirudi kwa galaksi za Seyfert, sababu zilikuwa ndugu zao wadogo walio karibu. Mwaka wa 1964 Zeldovich huko Urusi na Salpeter huko Marekani, kila mmoja kivyake, waliwaza kwamba nguvu hii inatoka kwa gesi inayoangukia kitu kizito sana. Mwaka wa 1969 Mwingereza Donald Lynden-Bell alisema shimo jeusi liko katikati ya galaksi nyingi. Shimo jeusi ni kitu kizito kilichojibana hata mwanga hauwezi kutoka ndani yake. Basi namna gani kinawaka? Si chenyewe kinachowaka. Ni gesi inayozunguka nje yake mbele ya kumezwa. Inasongamana, inasuguana, inapata moto wa kutisha, kama breki za lori linaloshuka mlima. Hiyo ndiyo iliyosukuma gesi ya Seyfert kwa kilomita maelfu kwa sekunde. Jina la galaksi za Seyfert likawa jina la kawaida, na mwaka wa 1974 Khachikian wa Armenia na Weedman wa Marekani walizigawa aina mbili, zenye mistari mipana na zenye mistari myembamba.

Sasa munauliza, habari hii inatuhusu nini sisi watu wa Fizi? Kumbe inatuhusu. Kiini cha namna hii kinatoa pia miali X, ile ambayo hospitalini wanapigia picha ya mifupa. Hewa ya dunia yetu inaizuia, ni bahati yetu, la sivyo tusingeishi. Kwa hiyo ukitaka kuiona lazima upande juu ya hewa. Mbele ya 1970 walikuwa wanarusha roketi ndogo zinazokaa juu dakika chache na kuanguka. Ndipo tarehe 12 Desemba 1970, toka baharini karibu na Malindi, Kenya, juu ya jukwaa la chuma la Waitaliano linaloitwa San Marco, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Uzito wake ulikuwa kilo 140 hivi. Siku ile Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya kujitawala, na Marjorie Townsend, mama Mmarekani aliyesimamia kazi yote, akaipa jina la Kiswahili: Uhuru.

Walichagua Malindi sababu iko karibu na ikweta. Pale dunia inazunguka kwa mbio zaidi na kuisaidia roketi, na njia ya juu ya ikweta inaepuka mahali penye miali mingi inayosumbua vipimo. Jukwaa lenyewe lilikuwa kazi ya mhandisi Luigi Broglio, aliyezaliwa Italia mwaka wa 1911, mwaka mmoja na Seyfert. Uhuru ilifanya kazi hadi Machi 1973, ikapata vyanzo 339 vya miali X. Katika vile vya kwanza vilivyotangazwa mwaka wa 1971 zilikuwamo NGC 4151 na NGC 1275, mbili katika zile sita. Kwa hiyo ile galaksi ambayo Seyfert aliipima juu ya mlima Wilson ilionyesha moto wake wa ndani kwa chombo chenye jina la lugha yetu, kilichopanda toka pwani ya Waswahili, karibu katika mstari mmoja na Nundu ukihesabu toka ikweta. Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alipewa zawadi ya Nobel mwaka wa 2002.

(Nchi yetu nayo iliwahi kurusha roketi. Kampuni ya Wajerumani ilirusha tatu toka Shaba mwaka wa 1977 na 1978. Ya tatu ilianguka mbele ya Rais Mobutu, na mwaka wa 1979 wenye kampuni wakafungasha. Hiyo ni habari ya siku nyingine.)

Katika galaksi yetu wenyewe kuna shimo jeusi pia katikati, lenye uzito wa Jua milioni nne, mbali nasi miaka ya nuru 26,000 na zaidi. Picha yake ilitolewa Mei 2022. Kwa sasa limetulia, halina chakula kingi. Na mwaka huohuo wa 2022, mwezi wa Novemba, wataalamu wanaotumia kilomita moja ya barafu ya Ncha ya Kusini kama chombo cha kunasia walitangaza kwamba wamenasa neutrino 79 zinazotoka kwa NGC 1068. Neutrino ni chembe ndogo inayopita hata katikati ya dunia bila kugusa kitu. Toka kwa mwanga wa Fath hadi hizo chembe ni miaka 114, na galaksi ni ileile moja.

Jina la Seyfert liko juu ya darubini ya sentimita 61 aliyoiombea pesa, na juu ya shimo moja la mwezini, upande ule ambao sisi hatuuoni kamwe.

Kwa wale wanaotaka kutazama. NGC 1068, ambayo huitwa pia Messier 77, iligunduliwa na Mfaransa Pierre Méchain mwaka wa 1780. Iko umbali wa miaka ya nuru milioni 47 hivi, katika kundi la nyota la Nyangumi, karibu kabisa juu ya ikweta ya mbingu. Seyfert huko California aliitazama ikiwa imeinama upande wa kusini. Kwetu Nundu inapita juu ya kichwa, nyuzi nne tu kuelekea kaskazini. Mwanzo wa Novemba iko hapo saa sita ya usiku, na nyuma yake, upande wa mashariki, juu ya ziwa, zinapanda zile nyota tatu za mstari ambazo kila mtu anazijua. Jicho tupu haliioni. Inahitajiwa darubini ndogo, na hata hapo ni alama ya ukungu tu yenye nukta katikati.

Shida ni kwamba Novemba ni mvua. Inafaa kungoja usiku mbingu ilipooshwa, tena usiku bila mwezi, yaani zile siku ambazo wavuvi wa ndagala wanatoka na taa zao, maana wakati wa mwezi mkubwa samaki hawafuati taa na mitumbwi inalala pwani. Tukae upande wa mlima, tupe mgongo taa za ziwani, tungoje macho yazoee giza kwa nusu saa. Mwenye darubini nyumbani, hata ile ya zamani ya babu, tafadhali ajulishe ofisi ya wanafunzi mbele ya mwisho wa Oktoba.